Kabureta ya Ford 8N: iguse mwisho, si mwanzo

Trekta la petroli la zamani likianza kukohoa, bisibisi ndiyo ya kwanza kutoka mfukoni. Skrubu ya slo (mwendo wa chini wa injini isiyo na kazi) kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inazungushwa kidogo, ile ya chini nayo inaguswa, injini inabadilika mlio, na baada ya nusu saa hakuna anayekumbuka zilikuwa wapi. Skrubu hizo hazijizungushi zenyewe. Zina springi au pakingi ya kuzishika zisilegee. Kama jana trekta lilivuta plau bila shida na leo linamisi (silinda zinaruka kuwaka), marekebisho ya kabureta ni yaleyale ya jana. Kilichobadilika ni kitu kingine, na kukificha kwa kugusa skrubu ni kujiongezea kazi.

Ninaandika nikilenga Ford 8N, iliyotengenezwa Marekani kati ya 1947 na 1952, kwa sababu ndiyo inayopatikana kwa wingi kuliko wenzake wa rika lake na kabureta yake ya Marvel-Schebler TSX ni mfano mzuri. Karibu yote nitakayosema yanafaa pia kwa 9N ya 1939 na 2N iliyoifuata mwaka 1942. Ukiwa na trekta la aina nyingine, kanuni ni zilezile, ila vipimo vitafute kwenye kitabu chake.

Kabureta hii ni ya kuvuta juu: imefungwa chini ya manifoldi (bomba linalogawa mchanganyiko kwa silinda), hewa inaingia kutoka chini na kupanda kwenda kwenye silinda. Hakuna pampu ya mafuta. Petroli inashuka kwa uzito wake tu kutoka tangini, inaingia kwenye bakuli la kabureta, na floti (boya dogo) inaifungia kwa sindano yake ikifika kiwango chake. Mambo haya mawili, kuvuta juu na kushuka kwa uzito, ndiyo yanayoeleza nusu ya vituko vyake.

Kwanza moto, ndipo mafuta

Kasoro nyingi zinazoitwa za kabureta ni za moto wa plagi. Injini ikikosa cheche nzuri kwenye silinda moja, petroli haiungui, inatoka na moshi mweusi na harufu kali, na mtu anahitimisha kwamba mafuta yamezidi. Anapunguza. Sasa silinda tatu zilizokuwa nzima nazo zinanyimwa mafuta.

Toa waya wa plagi, shikilia ncha yake umbali wa milimita 6 hivi kutoka kwenye chuma safi cha injini huku mtu akipiga stata. Tumia koleo yenye mpini wa plastiki, na uwe mbali na petroli iliyomwagika. Cheche iruke nafasi hiyo ikiwa ya buluu na kwa mlio wa "tak" unaosikika. Ikiwa ni ya njano, nyembamba na inarukaruka, acha kabureta na ushughulikie pointi, kondensa na koili, yaani sehemu zinazotengeneza cheche. Nafasi ya pointi ni inchi 0.015 (milimita 0.38) kwa distribyuta (kigawa moto) iliyofungwa mbele ya injini, na inchi 0.025 (milimita 0.64) kwa ile ya ubavuni iliyokuja 1950. Watu huchanganya vipimo hivi viwili kila mara, na distribyuta ya mbele iliyowekewa 0.025 itawaka vibaya hata uifanyie nini kabureta. Plagi ziwekewe inchi 0.025. Mpangilio wa kuwaka ni 1-2-4-3, si 1-3-4-2 kama injini nyingi za silinda nne. Ukikosea waya mbili za katikati trekta litapiga mlipuko kwenye kabureta, na utaapa kwamba ni mafuta.

Jambo dogo la betri: 8N ilitoka kiwandani na umeme wa volti 6 na chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Kabla ya kugusa chochote chenye petroli, chomoa waya unaokwenda kwenye bodi, yaani ule wa chanya. Usitoe kwa mazoea ukidhani hasi ndiyo bodi.

Mafuta yanafika?

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakihitaji kifaa zaidi ya spana na kopo. Weka kopo chini ya kabureta, fungua koki ya tangi, toa plagi ya kumwagia iliyo chini ya bakuli. Petroli itatoka kwa kishindo mwanzoni kwa sababu bakuli linamwaga kilichomo, hiyo usiihesabu. Angalia kinachofuata. Iwe mkondo usiokatika wenye unene wa penseli, na ndani ya dakika 2 upate karibu nusu lita. Acha itiririke dakika hizo zote mbili. Mkondo unaoanza vizuri kisha ukasinyaa na kuwa matone ndio unaoeleza kwa nini trekta linawaka, linalima dakika kumi, linazima, na ukisubiri kidogo linawaka tena.

Ukisinyaa, fungua kifuniko cha tangi. Mkondo ukirudi papo hapo, tundu la hewa la kifuniko limeziba na tangi linajivutia ombwe. Usiporudi, kuna vichujio vitatu vya kufuatilia. Cha kwanza kimesimama ndani ya tangi juu ya koki. Cha pili kimo kwenye bakuli la kioo la kutulizia uchafu. Cha tatu ndicho kinachosahaulika: kimefungwa kwenye kiwiko cha shaba kinachoingiza bomba la mafuta kwenye kabureta. Ukikifungua kiwiko hicho, chomoa taratibu, maana kichujio ni kirefu na laini na hupindika. Mara nyingi utakuta kimevaa koti la kutu ya rangi ya matofali, laini kama poda. Kioshe kwa petroli safi na upulize kutoka ndani kwenda nje. Kiwiko ni cha shaba na kabureta ni chuma cha kusubu: kikaze kiasi, ukikibana kwa nguvu kitapasuka.

Koki yenyewe ina hila. Ukiifungua mizunguko miwili mafuta yanatoka kwenye sehemu kuu ya tangi na kuacha akiba chini. Ukiifungua zaidi, akiba nayo inatoka. Kwa hiyo trekta linalozima ghafla huku ukiona petroli ipo tangini huenda halina ugonjwa wowote. Lipe mizunguko mingine ya koki. Na kinyume chake: anayefungua koki yote kila siku hana akiba, na anavuta mafuta ya chini kabisa ambako maji na kutu vimelala.

Filta ya karatasi ya kubana katikati ya bomba siipendekezi. Imetengenezwa kwa mifumo yenye pampu. Hapa msukumo ni kimo cha tangi tu, na povu moja la hewa ndani ya filta hiyo linatosha kupunguza mkondo ukawa uzi. Vichujio vitatu vya asili vikiwa vizima vinatosha. Bomba la mafuta nalo lisiguse wala kukaribia ekzosi, kwani petroli ikichemka ndani yake inazuia mkondo, na injini inazima siku ya joto huku kila kitu kikionekana sawa.

Hewa inayoingia kwa dirisha

Kabureta inapima mafuta kwa kufuata hewa inayopita ndani yake. Hewa inayoingilia baada ya hapo haikupimiwa mafuta, na mchanganyiko unakuwa mwepesi hata ukizungusha skrubu zote nje. Njia za kawaida ni gasketi kati ya kabureta na manifoldi, gasketi ya manifoldi na bloku, na shafti iliyolika ya kipepeo cha akseleta (kibati kinachofungua na kufunga njia ya kwenda kwenye injini).

Shika mkono wa shafti ujaribu kuutikisa juu na chini, si kuuzungusha. Ukiusikia unacheza kwa mkono mtupu, hewa inaingia. Trekta la namna hiyo halina slo tulivu: litanguruma vizuri ukiwa unazungusha skrubu, ukiondoka linabadilika, kwa sababu shafti inakaa mahali tofauti kila inapojifunga. Dawa ni bushi mpya au shafti mpya, wakati mwingine vyote viwili. Hakuna marekebisho yanayoshinda uchakavu huo.

Kutafuta uvujaji, wengi hupulizia petroli au kisafishia kabureta kwenye viungio injini ikinguruma. Kwenye 8N usifanye hivyo. Manifoldi ya kuingiza na ya kutolea moshi zimesubiwa pamoja kama kipande kimoja, kwa hiyo unachopulizia kinaangukia kwenye chuma cha moto. Tumia mafuta mazito ya injini kwa kopo la mdomo mwembamba, tone kwa tone kuzunguka kiungio. Mlio ukibadilika mafuta yakifyonzwa, umepata.

Upande wa pili wa kabureta kuna kisafishia hewa cha oili. Oili iwe kwenye alama, isizidi, na iwe nyepesi kiasi cha kupitisha hewa. Bakuli lililojazwa kupita kiasi au lenye tope hubana hewa, na injini inakula petroli nyingi na kutoa moshi mweusi. Kama moshi unapungua ukitenganisha hosi ya hewa kwa muda mfupi, kosa limejulikana. Hosi yenyewe ikiwa imepasuka itakuingizia vumbi moja kwa moja kwenye silinda, jambo baya kuliko mchanganyiko mbaya.

Mwisho wa ukaguzi wa nje ni mikono na rodi. Choki (inayobana hewa wakati wa kuwasha) ikisukumwa ndani, kipepeo chake kifunguke chote. Waya uliopinda unaokiacha robo kimefungwa unaiga dalili zote za floti mbovu. Na injini ikiwa imezimwa, sukuma mkono wa akseleta hadi mwisho: springi ya gavana (kifaa kinachoshikilia kasi ya injini) ivute kipepeo cha kabureta hadi kifunguke kabisa. Kisipofika, rekebisha urefu wa rodi inayotoka kwenye gavana. Trekta lisilo na nguvu kwenye plau huku likinguruma vizuri likiwa halina mzigo, hapa ndipo pa kutazama kwanza.

Kuifungua

Kama yote hayo ni mazima na bado injini inamisi, sasa fungua. Funga koki, mwaga bakuli, toa bomba la mafuta, hosi ya hewa, waya wa choki na rodi ya gavana, kisha nati mbili zinazoishikilia kwenye manifoldi. Fanyia kazi hii mahali penye hewa, mbali na kitu chochote cha moto, ikiwemo taa ya waya yenye balbu inayochemka.

Kabla ya kutoa skrubu za kurekebisha, zungusha kila moja ndani taratibu mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, na uandike. Nambari hiyo ni habari. Ile kuu ya chini, yaani sindano kuu, ikikutwa imefunguliwa mizunguko mitatu na nusu, basi aliyetangulia alikuwa akipambana na kizuizi mahali fulani.

Bodi inagawanyika vipande viwili kwa skrubu za juu. Ya juu ina kipepeo cha akseleta, floti na njia za slo. Ya chini ni bakuli lenye jeti kuu (tundu linalopima mafuta) na mdomo wa hewa. Ndani ya bakuli kuna bomba refu la shaba linalosimama katikati, ndilo linalomwaga mafuta kwenye koo la kabureta. Linatoka kwa bisibisi pana inayojaa mfereji wake wote. Bisibisi nyembamba italimega kichwa na hutalitoa tena. Chini yake kuna washa ya faiba. Ikipotea au ikikauka, mafuta yanapita pembeni bila kupimwa na injini inakuwa nzito kwa mafuta hata sindano kuu ikiwa imefungwa karibu yote. Ni kosa linalosumbua sana kwa sababu kabureta inaonekana safi na mpya. Vifaa vya ukarabati huja na washa hizo. Badilisha zote, hata zile zinazoonekana nzuri.

Chuma kiloweke kwenye dawa ya kuoshea kabureta usiku kucha ikiwa uchafu ni mgumu. Floti, gasketi, pakingi na kitu chochote cha raba visiingie humo. Kisha suuza na upulize kila tundu kwa hewa ya kompresa, ukiangalia inatokea wapi. Tundu unalopulizia lisipotoa hewa upande wa pili bado limeziba. Kuzibua jeti tumia uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Waya wa chuma au ncha ya drili hukwangua shaba, na jeti iliyopanuka kidogo tu haipimi tena.

Shika kipande cha juu kuelekea mwangani na ufunge kipepeo. Pembeni yake, pale ukingo unapogusa ukuta, utaona vitundu vidogo sana. Hivyo ndivyo vinavyolisha injini ikiwa slo na inapoanza kuinuka. Kipepeo kikifungwa vizuri mwanga unaonekana kama uzi mwembamba unaolingana pande zote. Ukingo wake umekatwa mshazari, kwa hiyo aliyekitoa akakirudisha kichwa chini anakiacha kikiwa hakifungi na vitundu vimekaa upande usio wake. Skrubu ya slo ya kabureta hiyo haitakuwa na kazi yoyote.

Toa sindano kuu utazame ncha yake. Ncha nzuri ni koni laini. Yenye mfereji uliozunguka kama pete imewahi kubanwa kwa nguvu, na kiti chake nacho kimeumia. Sindano inabadilishwa kirahisi. Kiti kikiwa kimepasuka, tafuta kabureta nyingine. Ndiyo maana nilisema zungusha mpaka iguse tu: vidole viwili, bila kukaza.

Nyuso mbili zinazokutana zipimwe kwa rula ya chuma. Skrubu zilizokazwa kupita kiasi kwa miaka mingi hupinda pembe za bodi, na hapo gasketi moja haizibi. Sugua taratibu kwenye msasa laini uliolazwa juu ya kioo mpaka uso ung'ae wote.

Floti

Tikisa floti karibu na sikio. Ikilia maji ndani, imetoboka. Isiyolia, itumbukize kwenye maji ya moto, si ya kuchemka, na uangalie kama povu linatoka. Floti iliyotoboka inazama, sindano yake haifungi, petroli inafurika. Inaweza kuchomelewa kwa risasi, lakini kila tone la risasi linaongeza uzito na kubadilisha kiwango. Mpya ni bora.

Sindano ya floti na kiti chake vibadilishwe kwa pamoja, kamwe kimoja peke yake.

Kiwango kinapimwa kipande cha juu kikiwa kimegeuzwa kichwa chini, gasketi ikiwa mahali pake, floti ikijilalia kwa uzito wake. Kutoka kwenye gasketi hadi ukingo wa floti ulio karibu iwe robo inchi, yaani milimita 6 na ushee. Shina la drili la robo inchi ni kipimo kizuri: liteleze chini ya floti likigusa bila kuinua. Pima pande zote mbili za floti, maana mara nyingi upande mmoja uko juu kuliko mwingine. Ukihitaji kurekebisha, pinda ulimi mdogo unaogusa sindano, lakini inua floti kwanza ili usiikandamize sindano kwenye kiti, hasa yenye ncha ya raba. Ukimaliza, hakikisha floti inapanda na kushuka bila kugusa ukuta wa bakuli wala gasketi.

Milimita moja ya floti ina uzito kuliko robo mzunguko wa skrubu. Floti ikikaa juu mno, bakuli linajaa kupita kiasi na mafuta yanavuja kwenye koo hata injini imezimwa. Ikikaa chini mno, injini inanguruma vizuri bila mzigo na kufa ukiteremsha plau.

Marekebisho yenyewe

Sasa skrubu zenyewe, ziko tatu. Ya kwanza ni ya kuzuia kipepeo kisijifunge kabisa. Iko kwenye mkono wa shafti na kazi yake ni kasi tu. Ya pili ni ya slo, juu, yenye springi. Ya tatu ni sindano kuu, chini, yenye pakingi na nati.

Hapa pana mtego mkubwa kuliko wote. Sindano kuu inapima mafuta: ukiifungua nje, mafuta yanaongezeka. Skrubu ya slo ya Marvel-Schebler inapima hewa: ukiifungua nje, hewa inaongezeka na mchanganyiko unakuwa mwepesi, ukiizungusha ndani, mafuta yanazidi. Zinakwenda kinyume. Kwenye kabureta za aina nyingine skrubu ya slo inaweza kuwa ya mafuta, na dalili ya kutofautisha ni mahali ilipo: iliyo upande wa injini baada ya kipepeo hupima mchanganyiko, iliyo upande wa hewa kabla ya kipepeo hupima hewa.

Anza na mzunguko mmoja wazi kwa skrubu ya slo na kwa sindano kuu, baada ya kuzigusisha. Injini isipokubali kuwaka, fungua kuu hadi mmoja na nusu. Washa, sukuma choki ndani mapema iwezekanavyo, na ulifanyishe trekta kazi nyepesi mpaka rejeta iwe ya moto, dakika 15 au zaidi. Marekebisho ya injini baridi hayana maana: petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye manifoldi baridi, kwa hiyo utaongeza mafuta ambayo nusu saa baadaye yatakuwa yamezidi.

Shusha akseleta. Weka skrubu ya kuzuia kipepeo mpaka injini ikae mizunguko 400 hadi 450 kwa dakika. Zungusha ya slo ndani kidogo kidogo, ukisubiri sekunde kadhaa kila mara, mpaka injini ianze kubingirika: inazama, inainuka, inazama, kwa mdundo mzito. Hapo mafuta yamezidi. Irudishe nje mpaka ilainike, uendelee mpaka ianze kuruka na kumisi kwa ukali. Hapo hewa imezidi. Iweke kati ya sehemu hizo mbili, ikiegemea kidogo upande wa mafuta. Kasi itakuwa imepanda, kwa hiyo irudishe kwa skrubu ya kipepeo, na urudie. Duru mbili zinatosha kwa kawaida.

Skrubu ya slo isipobadilisha chochote hata ukiifunga, acha kuizungusha. Ama njia za slo zimeziba, ama hewa inaingia kwingine, ama kipepeo kimefunguliwa mno na injini inakula kwenye jeti kuu. Hili la mwisho hutokea pale mtu alipokwisha kuinua kasi kwa skrubu ya kipepeo ili kuficha slo mbovu.

Sindano kuu irekebishwe injini ikiwa na mzigo. Kabureta hii bila mzigo haivuti mafuta ya kutosha kukuonyesha ukweli. Ndiyo maana trekta lililorekebishwa likiwa limesimama huchoka likifika kwenye udongo. Kwa kuanzia, inua akseleta robo tatu, funga sindano kuu kwa sehemu moja ya nane ya mzunguko kila mara mpaka kasi ianze kushuka au kabureta ipige chafya. Ifungue mpaka kasi irudi na mlio utulie, kisha ongeza nane moja zaidi. Shusha akseleta hadi slo na uisukume juu kwa ghafla. Injini ikisita au kupiga chafya, ongeza nane moja. Ikitoa wingu jeusi na kupanda kivivu, punguza nane moja. Baada ya hapo kalime. Kwenye mzigo mzito moshi usionekane, au uwe ukungu wa muda mfupi pale gavana inapofungua kipepeo ghafla.

Petroli inaungua kikamilifu hewa ikiwa kilo 14.7 kwa kilo moja ya mafuta, lakini nguvu kubwa inapatikana kwenye 12.5 au 13 hivi. Ndiyo sababu ya kuegemea upande wa mafuta. Mchanganyiko mwepesi kwenye mzigo mkubwa unapandisha joto na kuunguza valvu za ekzosi, na valvu ni kazi ya kufungua injini. Mafuta yakizidi sana nayo yanaosha oili kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili ya injini. Chomoa kijiti cha oili unuse. Harufu ya petroli ikiwa kali, badilisha oili kabla ya kuendelea.

Baada ya kumaliza kuu, rudi kwenye slo uiangalie tena, kwa sababu moja inagusa nyingine. Kaza nati ya pakingi kiasi cha kuzuia matone, ukishika sindano isizunguke.

Kwenye milima hewa ni nyepesi na injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 unazopanda. Sindano iliyowekwa bondeni itakuwa na mafuta mengi huko juu, kwa hiyo ifunge nane moja au mbili. Petroli ya oktani kubwa haisaidii chochote hapa. Mgandamizo wa injini hizi uko chini ya 7 kwa 1 na petroli ya kawaida inatosha. Cha muhimu ni iwe mbichi: iliyokaa miezi mingi hubaki na utando unaonata, na utando huo ndio unaoziba vile vitundu vya slo.

Dalili zinazodanganya

Kabureta kudondosha petroli baada ya kuvuta choki sana si ugonjwa. Ni ya kuvuta juu, na mafuta yasiyofika kwenye silinda hurudi chini na kutokea kwenye tundu dogo la mdomo wa hewa. Yakikoma baada ya dakika moja, acha. Yakiendelea trekta likiwa limesimama, ni sindano ya floti au floti yenyewe. Kwa vyovyote, funga koki kila unapozima.

Injini inayofanya kazi pale tu choki inapovutwa nusu inakosa mafuta au inapata hewa ya wizi. Rudi kwenye kopo na dakika 2, kisha kwenye gasketi.

Kasi inayopanda na kushuka yenyewe kama mtu anayechezea akseleta hufanya watu waifungue gavana. Kabla ya hapo, fungua sindano kuu nane mbili. Mlio ukitulia, gavana ilikuwa ikijaribu kufidia mchanganyiko mwepesi. Usipotulia, tazama rodi na viungio vyake: kiungio kinachokwama kidogo tu kinaifanya gavana ikimbizane na kipepeo.

Injini inayozima ikipata joto na kugoma kuwaka inaweza kuwa tundu la kifuniko, kichujio, au koili. Njia pekee ya kujua ni kupima ikiwa katika hali hiyo, palepale ilipozima: fungua plagi ya kumwagia uone mkondo, kisha, baada ya kuifunga na kufuta kilichomwagika, pima cheche. Ukisubiri ipoe, ushahidi umekwisha.

Kisha soma plagi. Lima saa moja kwa mzigo wa kawaida, zima injini ikiwa kazini bila kuiacha ingurume slo, toa plagi zote nne na uzipange kwa mpangilio wa silinda. Rangi ya kahawia nyepesi au kijivu cha mchanga ni sahihi. Masizi makavu meusi kwa zote nne ni mafuta mengi, punguza kuu. Nyeupe ya chokaa kwa zote ni hewa nyingi, ongeza. Moja ikiwa tofauti na wenzake, usiguse kabureta, kwa sababu inalisha silinda zote nne kwa pamoja: ni plagi hiyo, waya wake, valvu ya silinda hiyo, au gasketi ya manifoldi upande huo. Nyeusi yenye mng'ao wa unyevu ni oili, na hiyo inatoka kwenye ringi.